UZI: Wanafunzi wa udaktari wanaongezeka kila mwaka, wodi ni zile zile. Tunawapeleka wapi?

Kanula ya Kijani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimetembea nao kichwani muda mrefu, leo naumwaga maana kesho kutwa napokea wanafunzi kumi na moja. Hospitali yetu ni ya wilaya, madaktari tuko watano na mmoja yuko likizo ya uzazi. Barua ya chuo imefika juzi. Juzi!

Nianzie mbali kidogo. Nikiwa mwaka wa tatu tulikuwa tunaingia wodi ya magonjwa ya ndani watu ishirini na tatu kwenye kitanda kimoja, nakumbuka idadi kwa sababu nilikuwa mstari wa nyuma sina cha kufanya nikawa nahesabu vichwa. Kitandani kulikuwa na bibi mmoja ana bandama kubwa, bingwa akasema kila mtu aguse. Basi tukaanza, wa kwanza, wa pili, wa tatu, alipofika wa saba yule bibi akageuzia uso ukutani akavuta shuka mpaka kidevuni. Hakusema neno. Bingwa akaangalia saa, akasema waliobaki mtagusa siku nyingine. Siku nyingine yenyewe haikuja. Mtihani nilifaulu, tena swali la bandama nililijibu vizuri mno kwenye karatasi. Bandama yangu ya kwanza niligusa nikiwa intani (daktari wa mafunzo kazini), saa tisa usiku, peke yangu, na sikuwa na uhakika kama ni bandama au figo ya kushoto.

Sasa kila mkutano utasikia hospitali za kufundishia hazitoshi, zijengwe nyingine. Mi naona tunakosea hesabu. Vitanda vipo, wagonjwa wapo tele huku chini, hospitali za wilaya na vituo vya afya vimefurika watu ambao hakuna mwanafunzi amewahi kuwasikiliza vifua. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama pembeni ya mwanafunzi na kumwambia "hapo siyo, anzia chini kulia, panda taratibu kuelekea kushoto, mwambie avute pumzi". Huyo ndiye nafasi yenyewe, kitanda ni kitanda tu.

Na kule juu kwenye rufaa kuna shida nyingine, kesi zinazofika zimeshachujwa. Mwanafunzi anamaliza miaka yote ameona uvimbe ambao hatauona tena maishani ila hajawahi kukaa na mtoto wa nimonia akamhesabia pumzi dakika nzima.

Wenye uzoefu wa kupokea wanafunzi au kupelekwa huko tuambizane. Mnafanyaje?

---

Bingwa Mchovu

Mleta uzi hoja unayo ila tusidanganyane. Hospitali za kufundishia hazikuzuka kwa bahati mbaya. Soma ripoti ya Flexner ya 1910 kule Marekani, kulikuwa na vyuo vya biashara kibao mtu anasikiliza mihadhara, anapewa cheti, hajamgusa mgonjwa. Baada ya ile ripoti vingi vikafa na mfano ukawa Johns Hopkins, yaani chuo na hospitali yake na walimu wake wa kudumu. Sasa nyie mnataka tuwapeleke vijana sehemu ambayo eksirei imekufa na maabara inaisha vitendanishi kila mwezi, waende kujifunza nini? Kumpa kila mwenye homa antibayotiki? Tabia mbaya mtu akiipata mwaka wa nne haitoki, mi nawapokea hao wakija kusomea ubingwa, nawajua.

---

Kanula ya Kijani

@Bingwa Mchovu shikamoo mkuu. Flexner sawa, ila yeye alikuwa anapigana na mafunzo yasiyo na mgonjwa. Mimi pia. Ishirini na tatu kwenye kitanda kimoja ni mafunzo yasiyo na mgonjwa, tofauti ni kwamba mgonjwa unamuona kwa mbali.

Halafu hili limeshajaribiwa. Chuo Kikuu cha Flinders kule Australia Kusini walianza 1997, wakachukua wanafunzi wachache wakawapeleka eneo la Riverland mwaka mzima, siyo wiki mbili, mwaka mzima kwenye kliniki za madaktari wa kawaida na hospitali ndogo. Paul Worley na wenzake wakachapisha matokeo kwenye jarida la tiba la BMJ mwaka 2004, wale wa huko mashambani mitihani yao ikapanda kuliko waliobaki hospitali kubwa. Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini nao 2011 wakafungua kampasi Worcester, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anamalizia huko huko. Nakubali Australia wana vifaa ambavyo sisi hatuna, lakini mwanafunzi kuwa mmoja au wawili kwa daktari haihitaji MRI.

---

mwaka_wa_nne

Naomba niongee kama mhusika. Sisi tulipelekwa wiki mbili sehemu flani sitaitaja, tumefika jumatatu asubuhi hakuna anayejua tunakuja, mganga mkuu yuko semina, tukakaa kwenye benchi la OPD (wagonjwa wa nje) mpaka saa saba na makoti yetu meupe watu wanatuuliza dirisha la dawa liko wapi. Kulala chumba kimoja watu watano, intaneti hakuna, na wiki ya kwanza yote kazi ilikuwa kupeleka sampuli maabara na kunakili mafaili. Wiki ya pili ndo tukaanza kuzoeana na madaktari, ijumaa tukaondoka. Yaani ndo tumeanza kujua nani ni nani tukapanda gari.

Na kitu kingine hakisemwi, mwenzetu alijichoma sindano jumamosi alikuwa anatoa damu, dawa za PEP (za kuzuia maambukizi ya VVU) zipo ila kabati limefungwa na mwenye ufunguo hajulikani alipo, akazipata jumapili jioni. Najua mwisho ni masaa 72 ila kila mtu anajua mapema ndo bora, we kaa masaa thelathini na kitu unawaza hivyo alafu uambiwe umetumwa kujifunza.

Kwahiyo dokta Kanula mi naunga mkono ila msitupeleke kama mizigo.

---

Kanula ya Kijani

@mwaka_wa_nne pole sana mdogo wangu. Hayo ya ufunguo wa PEP nimeyapiga screenshot nimemtumia matroni wetu sasa hivi. Kwetu pia hukaa kwa mtu mmoja, sikuwahi kufikiria.

---

Mama Leba

Marahaba kwa wote wenye shikamoo zenu. Mimi ni mkunga, leba ni nyumba yangu ya pili, na nasoma hapa nacheka maana madaktari mnajadili nani atafundisha kana kwamba hakuna anayefundisha.

Nani anawafundisha kuzalisha? Wiki iliyopita kaja kijana mmoja, mrefu, mikono inatetemeka, glavu kavaa mbili mbili. Mama kafika, kichwa kinaonekana. Kijana anataka kuvuta. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, nikamwambia usivute, zuia tu kichwa kisitoke kwa kishindo, msikilize mama anavyopumua. Tukakaa hivyo, mikono miwili juu ya kichwa kimoja, mpaka bega la mbele likatoka. Yule mtoto wa watu alitokwa jasho mpaka kwenye miwani. Wa pili alizalisha mkono wangu ukiwa pembeni. Wa tatu nilikuwa najaza patogramu (chati ya uchungu) naangalia kwa jicho moja tu. Hiyo ndiyo shule, na haikuongozwa na daktari yeyote.

Lakini barua ya chuo ikija inaandikwa kwa mganga mfawidhi. Fomu ya kusaini ina sehemu ya jina la daktari. Kama kuna posho inapita juu kwa juu. Mi posho sijali sana jamani nimezoea, ila nataka karatasi yenye jina langu inayosema mimi ni mwalimu wa kliniki. Ifike kwenye faili langu siku ya kupandishwa daraja. Ni kitu kikubwa hicho?

Na jingine. Mnasema nafasi hazitoshi. Nani amewahi kuja saa nne usiku akaona wanafunzi? Wanakuja saa mbili asubuhi wote kwa mkupuo kama kengele imegongwa, wanabanana, saa kumi hamna mtu. Mtoto kuzaliwa haangalii ratiba. Gawanyeni zamu, asubuhi watatu, jioni watatu, usiku watatu, leba ile ile moja inabeba tisa na kila mmoja anapata mama wa kumhudumia.

---

Bingwa Mchovu

@Mama Leba hapo kwenye zamu umenikamata. Kwetu jioni wodi nzima haina mwanafunzi hata wa dawa na dharura ndo zinaingia muda huo.

---

Ratiba Chuo

Mimi ndiye ninayeandika hizo barua mnazozilaani, sio za chuo chako @Kanula ila zinafanana zote. Acha niwaambie zinachelewaje. Idadi ya kudahili inapangwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga wodi, mimi napewa majina wiki ya kwanza ya muhula, halafu napiga simu hospitali moja moja kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga. Nikipata nafasi naambiwa samahani chuo fulani kimeshaleta wanafunzi, wiki hiyo hiyo, wodi hiyo hiyo. Nimeshuhudia vyuo viwili vimekutana kitandani kwa mgonjwa mmoja, kila kimoja na mwalimu wake, wanasubiriana kama foleni ya benki.

Na wakaguzi wakija wanauliza vitanda. India kwa mfano kanuni zao zinafungamanisha idadi ya vitanda na idadi ya wanafunzi wanaodahiliwa. Ina mantiki yake kama kizuizi, ila haikwambii kwenye hivyo vitanda kuna nani wa kufundisha. Ule utafiti mkubwa wa vyuo vya udaktari Afrika kusini mwa Sahara uliochapishwa kwenye jarida la Lancet 2011, wa vyuo 168 waliovibaini, moja ya makubwa waliyoyaona ni upungufu wa walimu, wa sayansi za msingi na wa kliniki. Kwahiyo mleta uzi hujakosea.

Hao hao India nawasifu kwa jingine, 2020 waliweka utaratibu kwamba anayesomea ubingwa lazima akae miezi mitatu hospitali ya wilaya. Hebu fikiria, pale wilayani kila wakati kuna mtu wa ubingwa mwaka wa pili au wa tatu. Ukimpelekea wanafunzi wawili tayari una mwalimu, na hujaajiri mtu mpya.

Ninachopigania ofisini kwetu ni kalenda moja ya vyuo vyote, na hospitali yenyewe ndiyo iandike "tunaweza wanane", siyo chuo kiamue. Nimeambiwa nisubiri kikao. Huu mwaka wa tatu nasubiri hicho kikao.

---

Mpitanjia tu

Mi sio wa huko kwenu, nimeingia kwa bahati tu ila huyo bibi wa bandama kanigusa. Mama yangu alilazwa, kila asubuhi kundi linakuja wanamfunua hawamsalimii wanaongea kizungu wanaondoka. Siku moja akaniuliza mwanangu hawa wamesema nina nini? Mkiongeza nafasi maana yake mnaongeza watu wa kuwafunua wazazi wetu, mtu anaruhusiwa kukataa au ndo akikataa atahudumiwa wa mwisho?

---

Kanula ya Kijani

@Mpitanjia tu anaruhusiwa, na matibabu hayabadiliki. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, lakini inavyofanyika sitakudanganya, wengi hawaulizwi. Hata Marekani imebidi 2024 serikali itoe mwongozo hospitali zipate idhini ya maandishi kabla mwanafunzi hajampima mama sehemu za siri akiwa kwenye usingizi wa nusukaputi. 2024! Kwahiyo siyo sisi tu.

Ila nikuambie mzazi wako angetulia zaidi na mwanafunzi mmoja. Mwanafunzi mmoja akikabidhiwa mgonjwa wake anakaa naye saa nzima, anajua jina, anajua mjukuu anaitwa nani, anajua dawa ya asubuhi haijaletwa. Sisi madaktari muda huo hatuna. Kundi ndilo linalomgeuza mgonjwa kuwa kitu.

---

mwaka_wa_nne

Na maabara za stadi je? Si tufanyie mazoezi kwenye midoli kwanza tupunguze kubanana

---

Bingwa Mchovu

Mdoli mzuri kwa kanula, katheta, kufufua mtoto mchanga, kushona. Mikono ipoteze woga kabla haijamfikia mtu. Ila mdoli hatakudanganya kuhusu dawa alizokunywa kabla ya kuja, mgonjwa atakudanganya, na hapo ndo udaktari unapoanza. Hauchukui nafasi ya wodi, unamfanya asije wodini mtupu.

---

Kanula ya Kijani

Wakuu nimewasoma usiku kucha, hii ndo ratiba niliyoichora kwa hao kumi na moja, ikosoeni.

Leba watatu kwa zamu chini ya wakunga, na fomu yao nimefuta neno daktari nikaandika msimamizi. Wawili wodi ya watoto, wawili wodi ya ndani, mmoja theatre na chumba cha vidonda, mmoja anazunguka maabara na famasi (huyo atanichukia siku mbili za kwanza halafu atanishukuru, hakuna kitu kinafundisha kuandika dawa kama kusimama dirishani unaona mgonjwa anaambiwa hakuna). Kila baada ya wiki wanabadilishana.

OPD ndio nataka kujaribu kitu. Wawili waliobaki wanakaa vyumba viwili vya pembeni, kimoja kilikuwa stoo tumetoa maboksi jana. Mwanafunzi anamuona mgonjwa peke yake, historia, vipimo vya mikono, anaandika anachofikiri. Mimi chumba cha katikati naendelea na foleni yangu. Akimaliza ananiita, anapresenti mbele ya mgonjwa mwenyewe kwa lugha anayoielewa, mi nagusa pale anapoona pana shida, tunaamua pamoja. Foleni haisimami sana kwa sababu kazi ya kusikiliza imeshafanyika. Wale wa Flinders na wenzao ndivyo wanavyofanya na siri ni chumba cha ziada, maana mwanafunzi akikaa kiti cha nyuma yako anakuangalia tu, anasinzia.

Na kila mwanafunzi mara moja kwa wiki mtu anamuangalia akimpima mgonjwa mmoja mwanzo mwisho, dakika 15 mpaka 20, anaambiwa pale pale alichokosea. Sio mtihani. Mimi nimesoma miaka yote ile sikumbuki mtu kuniangalia hata mara moja mwanzo mpaka mwisho.

---

Ratiba Chuo

Wiki ngapi?

---

Kanula ya Kijani

Sita. Chuo kiliandika tatu, nikawajibu ama sita ama msilete. Wiki mbili za kwanza mwanafunzi ni mzigo, anauliza glavu ziko wapi, anapunguza kasi ya kila mtu. Ya tatu anaanza kulipa deni. Ukimuondoa wiki ya tatu umebeba gharama yote, faida umempa atakayempokea baada yako.

---

Mama Leba

Hapo umenena mwanangu.

---

Bingwa Mchovu

Mi sijashawishika kwa mafunzo ya upasuaji huko wilayani, hilo nabaki nalo. Kuhusu kuogopa tabia mbaya, nina pendekezo. Kuna mfumo unaitwa ECHO, Sanjeev Arora aliuanzisha New Mexico 2003 kwa ajili ya homa ya ini C, mabingwa wanakaa kwenye video na madaktari wa vijijini mara moja kwa wiki, wanaleta kesi zao halisi, wanajadili. Alhamisi saa kumi nipo huru. Waambie hao vijana walete kesi mbili, wewe na wakunga mkae pia. Intaneti ikikata tutatumia simu ya kawaida, nimeshafundisha kwa spika ya simu na haikuniua.

---

Kanula ya Kijani (baada ya wiki nne)

Nimerudi na mrejesho, samahani ukimya.

Kilichokufa: zamu ya usiku leba wiki ya kwanza, hakukuwa na usafiri wa kuwarudisha hosteli na wasichana wawili wakagoma kutembea gizani, walikuwa sahihi kabisa, tumewapa chumba cha kupumzikia cha wahudumu. Mwanafunzi mmoja tumemrudisha chuoni, alikuwa anajaza presha za wagonjwa ambao hajawapima. Muuguzi ndiye aliyemgundua, siyo mimi. Na mimi nimechoka, niseme ukweli, kuna siku nimetoka saa mbili usiku kwa sababu ya kufundisha na hiyo saa hailipwi wala haiandikwi popote. Daktari mmoja kati yetu wanne amekataa kabisa, anasema hakuajiriwa kufundisha. Simlaumu.

Kilichofanya kazi: vyumba vya pembeni. Siku ya kwanza foleni ilichelewa karibu saa moja na watu wakanung'unika. Sasa hivi tunamaliza muda ule ule wa zamani na kuna siku tunawahi. Wagonjwa wa presha wanaomba "yule binti wa jana" kwa sababu aliwauliza wanakunywaje dawa, akagundua mzee mmoja anakunywa nusu ili zifike mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa namuongezea dozi huyo mzee miezi minne.

Na @Bingwa Mchovu alhamisi zako wanazipigania, asante mkuu. Jumatatu tulipata bandama. Mama wa makamo, tumemuomba, akakubali wawili tu, akachagua mwenyewe wawili gani. Nikasimama pembeni nikamwambia binti anzia chini kulia. Alipofika karibu na kitovu akanyamaza, nikaona tu vidole vimesimama.

Tatizo nililobaki nalo ni dogo ila linaniudhi. Logibuku ya chuo (daftari la kurekodi alichofanya mwanafunzi) ina kurasa za wodi ya ndani, upasuaji, watoto, wazazi. Vyumba vya pembeni, famasi, yule mzee wa nusu kidonge, hakuna pa kuandika. Wananiuliza tusaini wapi.

---

Ratiba Chuo

Waandike kwenye ukurasa wa mwisho ule mweupe, ugonge muhuri wa hospitali. Mimi nitaupokea. Na fomu za wakunga nitumie zote pamoja na majina kamili, nimepata mtu wa kuzisaini kabla ya kile kikao.

---

Mama Leba

Majina matatu, herufi kubwa. Usije ukaniandika Sista.